Naomba ushauri: spika za kompyuta ya mezani, bajeti 150,000

Habari za wakati huu wakuu. Nipo Mtwara mjini, nahariri video za harusi kwenye kompyuta ya mezani. Chumba ni mita 3 kwa 3, meza imegusa ukuta. Mpaka sasa natumia hedifoni, na masikio yamechoka kweli.

Nina shilingi 150,000. Haiongezeki mpaka msimu wa korosho, harusi zikianza kumiminika.

Dukani nilioneshwa sabufa yenye spika mbili ndogo, boksi limeandikwa PMPO 3000. Namba hiyo siiamini. PMPO ni kilele cha kufumba na kufumbua; RMS ndiyo nguvu ambayo spika inaweza kuihimili muda wote. Nilipoigeuza nyuma nikakuta inavuta wati 25 za umeme, sasa hizo 3000 zitatoka wapi? Isitoshe, besi ilimeza sauti ya mshereheshaji, na mimi hiyo ndiyo naihitaji isikike safi kuliko kitu chochote.

Nimezifikiria Creative Pebble, maana zinatumia umeme wa USB na hazili nafasi mezani. Edifier R1280T nazipenda zaidi, ila mpya zinanishinda bei. Kuna jamaa anauza zilizotumika.

Waliowahi kuhariri kwa Pebble, maneno yanasikika vizuri? Na hizo zilizotumika, kwa hewa hii ya chumvi ya bahari, nikague nini kabla ya kutoa hela? Nimepanga kuangalia mpira unaozunguka koni na kutu kwenye matundu ya waya. Kingine?