Nimwambie nini afisa ajira: ukweli, familia au masomo?

Mkunga wa Ujiji
Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni muuguzi, niko wodi ya wazazi kwenye hospitali binafsi hapa Kigoma mjini, mwaka wa nne sasa. Nimeomba kazi kwenye shirika lenye kituo cha afya huko Kasulu, na Alhamisi afisa ajira wao atanipigia. Lazima ataniuliza kwa nini naondoka.

Nina majibu matatu. Kwanza, namfuata mume wangu (kweli yuko Kasulu, ila siyo sababu). Pili, nataka kujiendeleza. Tatu ndiyo kweli yenyewe: usiku nabaki peke yangu. Mwezi uliopita nilikuwa na mama wa kifafa cha mimba kwenye magnesiamu (dawa ya kuzuia degedege, ila ikizidi inapunguza pumzi), namhesabia pumzi zisishuke chini ya 16 kwa dakika, huku kitanda cha pili mwenzake anasukuma. Muda wa dozi niliuandika kwa kalamu juu ya glavu maana faili lilikuwa mbali. Wote walitoka salama na watoto wao, lakini usingizi wangu haujarudi.

Mzee wa Mwanga
Pole sana binti yangu. Nimekaa kwenye paneli za usaili miaka mingi. La kujiendeleza liache, kila mtu analisema, na ukiulizwa kozi gani, chuo gani, unakwama. La mume nalo linamfanya mwajiri awaze: mume akihamishwa, huyu naye anaondoka.

Mama Wawili
Shikamoo mzee. Hapo sikubaliani nawe. Mume yuko Kasulu kweli, kuna ubaya gani kusema? Mambo ya wodini yabaki wodini.

Nesi wa Ipuli, Tabora
Mimi nilichagua ukweli nikauharibu. Nilimsema matroni dakika kumi nzima. Afisa akanisikiliza, kisha akauliza, "Na hapa kwetu ukikuta wauguzi hawatoshi, utafanyaje?" Sikuwa na jibu. Sikupigiwa tena. Mdogo wangu, sema ukweli, ila eleza kazi ilivyo, watu waache. Na useme ulichojaribu kabla ya kuamua kuondoka. Mama Wawili, mume amtaje, lakini mwishoni. Wakimpigia msimamizi wake wa sasa akatoa sababu nyingine, ataonekana mwongo.

Mpokezana Zamu
Nyongeza fupi. Usitoe barua ya kuacha kazi kabla hujashika mkataba mpya. Kama unalipwa kwa mwezi, notisi kisheria haipungui siku 28, hivyo usimwahidi kuanza wiki ijayo. Ukiondoka dai cheti cha utumishi, ni haki yako. Leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga iwe hai.

Mkunga wa Ujiji
Asanteni mno. Kuomba tuongezwe niliomba, mara mbili, kwa maandishi. Nimeandika hivi:

"Zamu ya usiku wodi ya wazazi niko mkunga mmoja. Mara mbili niliomba tuongezwe wakunga, haikuwezekana. Natafuta mahali ambapo mama mwenye kifafa cha mimba ana mtu wa kukaa naye. Familia yangu pia iko Kasulu. Naomba kuuliza, kwenu usiku wakunga ni wangapi?"

Nesi wa Ipuli, Tabora
Hilo swali la mwisho usilifute. Na akikujibu ni mmoja, usimpe jibu siku hiyohiyo. Njoo hapa kwanza tuongee.