Tupeane uzoefu: uliwahi kuanza kuandika riwaya ukiwa Kigoma au Tabora? Uliishia ukurasa wa ngapi?

Mgebuka Mkavu (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Leo nimehamisha vitu kutoka Mwanga kwenda Katubuka, hapa hapa Kigoma. Chini ya kitanda nikavuta sanduku la bati la tangu sekondari, ndani nikakuta kaunta buku, kwaya tatu. Juu nimeandika kwa maka peni: MACHOZI YA MALAGARASI, SEHEMU YA KWANZA. Sehemu ya pili haikuwahi kuzaliwa. Paa lilikuwa linavuja upande ule, kurasa zimegandana kama chapati za jana.

Nikakaa sakafuni nasoma, huku kirikuu kipo nje kinapiga honi. Ukurasa wa kwanza jogoo anawika. Wa pili shujaa anajiangalia kwenye kioo, anajieleza mwili mzima, kutoka utosini mpaka kisigino. Mpaka ukurasa wa 60 hajatoka nyumbani kwao! Ukurasa wa 74 unaishia hivi: "Ghafla mlango ukagongwa, na aliyeingia alikuwa". Basi. Miaka kumi na moja sasa, na sijui aliyeingia alikuwa nani.

Mliowahi kuandika mlikwamia wapi? Mliomaliza mlifanyaje? Watu wa Tabora nao ruksa.

Bint Ujiji
Aliyeingia alikuwa mwenye nyumba, anadai kodi.

Karani wa Stesheni
Naweka kambi hapa, nasubiri wajuzi.

Mzee wa Kwihara
Mleta uzi umenigusa. Nimefundisha Kiswahili Tabora miaka mingi, na nina miswada mitatu kabatini. Wa kwanza unaanza na jogoo. Wa pili unaanza na jogoo. Wa tatu nilijirekebisha, unaanza na adhana.

Kilichoniua mimi ni mazungumzo. Wahusika wangu wote walikuwa wanaongea kama mwalimu wa zamu. Mlevi wa Ng'ambo anasema "ilhali", mtoto wa darasa la pili anasema "kwa hakika". Siku moja mke wangu akachukua karatasi akaziba majina, akanisomea maneno tu, akaniuliza: "Hapa nani anaongea?" Mtunzi mwenyewe nikashindwa kujibu. Tangu siku hiyo nikimaliza ukurasa naziba majina na kusoma kwa sauti. Nisipowatambua wahusika kwa maneno yao, nafuta.

Karani wa Stesheni
Mwalimu, hiyo ya kuziba majina nimeichukua.

Mbalamwezi
Mimi ni mvuvi wa dagaa, na nimemaliza riwaya mbili. Sijachapisha, lakini zimekwisha.

Siri yangu ni mwezi. Dagaa tunamvua kwa taa. Giza likiwa nene anaifuata taa, anapanda juu, tunamchota. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, taa yako haimshtui mtu, kwa hiyo tunapumzika karibu wiki nzima. Wenzangu wanashona nyavu, wengine wanakunywa mpaka giza lirudi. Mimi naandika, kurasa tatu kwa siku, siku saba. Hizo ni 21. Mwezi ukikomaa mara kumi na mbili una kurasa 252. Hakuna uchawi hapo.

Halafu zile wiki tatu za kazi siandiki hata neno, ila nikiwa kwenye mtumbwi usiku naongea na wahusika kichwani. Mwezi ukirudi wanakuwa na hasira ya kutoka.

Bint Ujiji
"Wanakuwa na hasira ya kutoka." Huyu mvuvi katuzidi wote humu.

Ramani Kwanza
Kaka, 252 ni hesabu tamu, ila bila mpango unaandika kurasa 252 za kuzunguka. Mimi ni fundi ujenzi. Hakuna anayemwaga zege bila ramani. Andika kwanza mwisho, kisha sura zote, kila sura mistari miwili: nani anataka nini, na nani anamzuia. Ukishindwa kuijaza hiyo mistari, sura haipo. Mleta uzi alikwama 74 kwa sababu alifungua mlango hajui nyuma yake kuna nani.

Mbalamwezi
Sisi kule ziwani hatuna ramani, na mnakula dagaa kila siku.

Ramani Kwanza
Mnarudi mikono mitupu mara ngapi?

Mbalamwezi
Na nyumba ngapi pale Gungu zimesimama kwenye lenta miaka mitano? Zote zina ramani.

Mzee wa Kwihara
Jamani. Riwaya moja niliiandika kwa ramani, nyingine bila ramani. Zote mbaya.

Tumbaku Mbichi
Watu wa Kigoma mna maneno. Ila niseme ukweli, mikoa yetu hii haizai waandishi wa riwaya. Nenda Dar, huko ndiko kuna vitabu.

Bint Ujiji
Ben Mtobwa alizaliwa wapi? KASULU. Kaa chini.

Tumbaku Mbichi
Mmoja.

Bint Ujiji
Urambo mna wangapi?

Mtoto wa Mwaloni
Nilikuwa nimeapa hii sitaisimulia, lakini mmenikumbusha.

2019 nilikuwa natunga riwaya kwa WhatsApp. Kila Ijumaa usiku sehemu moja, shilingi 500, unatuma hela kwanza ndipo nakuingiza kwenye kundi. Nilifikisha wasomaji 63. Kwa kijana anayekula kwao, 31,500 kwa wiki si haba.

Mhusika mkuu nilimwita Bi Tabu, mfanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi. Sikuumiza kichwa, nilimchukua shangazi yangu mzima mzima. Jino lake la dhahabu, kicheko chake cha kuanzia puani, mpaka anavyopima dagaa: kisado kikijaa anakitikisa mara mbili wajipange, kisha anaongeza konzi moja na kusema "hii ya watoto". Wasomaji walimpenda kupita kiasi. Nikaona sasa anahitaji siri, maana hadithi isiyo na siri ni risala ya mbio za mwenge. Sehemu ya 14 nikaandika kwamba ujanani alivuka ziwa kwenda Kalemie, upande wa Kongo, kuuza chumvi ya Uvinza, akazaa huko mtoto wa kiume, akamwacha mikononi mwa watu, akarudi Ujiji na kuwaambia wa kwao kwamba alikuwa anaumwa. Mtoto nikampa jina la Sefu.

Jumamosi saa moja asubuhi baba mdogo akapiga. "Uko wapi?" Nipo hapa Mwanga. "Njoo Ujiji." Kwema, baba mdogo? "Nimesema njoo." Kumbe binamu yangu wa Dar alikuwa ndani ya kundi kwa jina la bandia, na ile sehemu kairusha kwenye kundi la ukoo.

Nafika, ndala zimejaa mlangoni kama pana msiba. Ndani wamekaa kwenye mkeka, wakubwa wote. Shangazi yuko karibu na dirisha, anachambua dagaa kwenye ungo, hata uso hajanyanyua. Baba mdogo akaanza kunisomea maandishi yangu kwa sauti, bila kutua kwenye nukta wala mkato, kama karani wa mahakama. (Mnaotafuta wahariri, mtafuteni mtu aliyekasirika awasomee. Kila neno la ziada nililisikia.) Alipofika kwa mtoto, shangazi akaweka ungo chini.

"Jina umelitoa wapi?"

Nikasema nimebuni, shangazi.

"Mengine nakubali umebuni. Mimi nakuuliza jina."

Hakuna aliyekohoa. Bibi alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kanga. Nikaangalia zile nyuso, mmoja mmoja, ndipo nikaelewa kwamba wakubwa wote mle ndani walikuwa wanalijua hilo jina, na kwamba halikuwahi kutajwa mbele ya watoto.

Nilikuja kukumbuka baada ya miezi kama miwili. Nilikuwa na miaka sita au saba, nina malaria, nimelazwa nyuma ya pazia. Wanawake wako upande wa pili wanachambua dagaa, wanajua nimelala. Nikasikia, nikasahau, halafu ukubwani nikajiona nimebuni.

Riwaya iliishia pale pale, sehemu ya 14. Waliolipia mbele wakadai hela zao, wengine kwa matusi.

Karani wa Stesheni
Dah.

Tumbaku Mbichi
Chai hii. Tena ya maziwa na tangawizi.

Bint Ujiji
Iwe chai au isiwe, mimi nimesimama na sufuria mkononi na maharage yanaungua. Shangazi alifanyaje?? Sefu alipatikana?

Ramani Kwanza
Ungekuwa na ramani ungejua siri ya Bi Tabu tangu sehemu ya kwanza, na ungekwenda kumuuliza shangazi mapema. Yasingekukuta.

Mama Kashata
We Ramani nawe! Mwenzio anaeleza majeraha, unaleta zege.

Mtoto wa Mwaloni
Tumbaku, sikudai uamini. Bint Ujiji, salamu tunapeana. Nikienda ananipa kiti, ila hanipikii, na mnajua kwetu hilo maana yake nini. Kuhusu Sefu, hilo si langu kulisimulia. Ila kuna kitu alisema wakati natoka. Aliniambia, "Na ule mgebuka ulioandika nimeunguza, sijawahi kuunguza mgebuka mimi."

Bint Ujiji
Nalia na kucheka.

Mzee wa Kwihara
Kijana, pole. Na nikwambie kama mwalimu: usimchukue mtu mzima mzima. Chukua kicheko kwa shangazi, jino kwa mama ntilie, biashara kwa jirani, hasira uweke zako mwenyewe. Hapo hakuna wa kukuita kikao.

Mama Kashata
Mwalimu, hapo tunapishana. Mimi nilifanya hivyo hivyo, nikachanganya watu wanne. Wote wanne wakaja kulalamika.

Kibao cha Mbuzi
Naomba kurudi kwenye mada, shangazi kateka uzi. Mimi niliandika riwaya ya kihistoria, babu anasafiri kwa meli ya Liemba mwaka 1905. Nikaipeleka kwa rafiki asome, nasubiri sifa. Akanirudishia na mstari mmoja: "1905 babu yako alipanda nini?" Reli yenyewe imefika Kigoma 1914. Meli ililetwa kwa vipande kutoka Ujerumani, ikaunganishwa hapa hapa Kigoma, ikashushwa majini 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua, na jina la Liemba ni la 1927. Sura nane nzima za babu zikafa. Uliza wazee, soma, kisha ndio mpandishe babu melini.

Mbalamwezi
Ungempandisha mtumbwi. Mitumbwi ilikuwepo.

Kibao cha Mbuzi
Ndiyo nilichofanya, na ikawa nzuri zaidi. Kwenye mtumbwi babu anaogopa. Melini alikuwa anakula tu.

Mama Kashata
Nami niseme la kwangu. Mimi nilimaliza, tena nilichapisha. Kuna mchapishaji, simtaji, aliniambia kazi nzuri mama, changia milioni moja na laki mbili. Nikauza cherehani na mbuzi wawili. Maboksi yamefika Tabora kwa basi, nafungua, jina langu kwenye jalada limekosewa. Napiga simu, haipokelewi. Nakala 300, nimeuza 41, nyingi kanisani na kwa wakwe. Zilizobaki ziko chini ya kitanda, mjukuu anazipandia kufikia swichi.

Ushauri wangu: mtu akikuomba hela ili achapishe, muulize kwanza anauzia wapi vitabu. Akianza kukohoa, ondoka.

Karani wa Stesheni
Umenena, mama.

Ramani Kwanza
Na sajilini kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla ya kumpa mtu yeyote mswada.

Mzee wa Kwihara
Haki inaanza pale unapoandika, usajili ni ushahidi tu. Lakini ushahidi ni muhimu, hapo fundi yuko sahihi leo. Halafu kuna Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu. Ilipotolewa mara ya kwanza 2023, mshindi wa kwanza alipewa shilingi milioni 10. Huko hulipii kuchapa.

Tumbaku Mbichi
Milioni 10! Naanza leo. Jamani, jogoo hairuhusiwi kabisa?

Bint Ujiji
Wewe si ulisema mikoa hii haizai waandishi?

Tumbaku Mbichi
Nilikuwa najichokoza mwenyewe. Ukweli nina kurasa 19 kwenye simu, kuhusu msimu wa tumbaku kwetu, baba anasubiri malipo ya chama na hayaji. Kila nikirudi nasoma tangu mwanzo, narekebisha, nachoka, nalala. Mwaka wa tatu huu niko 19.

Mbalamwezi
Acha kusoma nyuma. Nyavu hazishonwi ukiwa katikati ya ziwa. Vua kwanza, ukirudi nchi kavu ndio uone palipotoboka.

Ramani Kwanza
Sikubaliani.

Mama Kashata
Tumeshajua.

Bint Ujiji
Mleta uzi umepotelea wapi? Kirikuu kilikuacha?

Mgebuka Mkavu
Nipo, wakuu, nimewasoma wote. Kirikuu kimeniongezea elfu tano ya kusubiri. Kaunta buku nimeitandaza juani nyuma ya nyumba, ukurasa mmoja mmoja, nimeweka mawe juu. Zimepona 31. Sura ya nne ilikuwa imeliwa na panya, hasara hakuna.

Halafu nimemkaribia aliyegonga mlango. Nadhani ni shangazi yake. Mtoto wa Mwaloni, usinitazame hivyo, huyu hauzi dagaa.

Mtoto wa Mwaloni
Anauza nini?

Mgebuka Mkavu
Mawese.

Mtoto wa Mwaloni
Mama yake mdogo na shangazi anauza mawese. Badilisha.