Naomba ushauri: nitashukuruje nikiwa nimechoka hivi?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Tunaishi Machame, si mbali na Moshi, na tangu mume wangu alipopata kiharusi mwaka jana, kihamba chetu cha kahawa na migomba kimebaki mikononi mwangu na mwa watoto wawili wa shule. Kila jioni tunasali pamoja, naye hushukuru kwa sauti, ingawa maneno hayamtoki vizuri, huku mimi nikishindwa hata kuitikia amina. Najua Paulo na Sila waliimba gerezani Filipi usiku wa manane, lakini mimi nimekwama mwanzoni mwa Zaburi ya 13, panapouliza "hata lini". Nawaomba mliopitia hali kama hii mnieleze: mlianzaje kushukuru kutoka moyoni, na je, nimwambie mchungaji kwamba nimechoka?