Tupeane uzoefu: nani amefanikiwa na waridi la jangwani kwenye jua kali?

Wakuu, niko Dodoma. Mbele ya nyumba hakuna kivuli, na maji ya bomba yanatoka kwa zamu. Waridi la jangwani nimeshaua mawili. La kwanza nilinunua kwa wauza miche wa barabarani, nikalimwagilia kila jioni kama mchicha. Majani yalipogeuka manjano nikadhani lina kiu, nikaongeza maji. Siku nimeshika kitako, yaani lile shina nene la chini, kinabonyea kama embe bovu! La pili nililiweka kwenye ndoo ya rangi ambayo sikuitoboa chini. Hilo tuliache.

La tatu lina miaka minne sasa. Mchanga wa mtoni mafungu mawili, kokoto ndogo fungu moja, mboji kiganja tu. Kiangazi nalimwagilia mara moja kwa wiki, mvua zikianza Desemba nalisogeza barazani. Septemba limechanua halina hata jani moja, pinki tupu. Wenzangu mnafanyaje?

Voi: Huku linajiotea kwenye mawe, hakuna anayelimwagilia. Ila mkuu, una watoto? Utomvu wake ni sumu, wawindaji wa zamani waliupaka mishale. Ukikata tawi vaa glavu, usijiguse macho. Na wanaokuja kuchimba ya porini tafadhali muache, mbegu zipo.

Dar: Kumbe ndilo hilo? Mke wangu analiita mbuyu mdogo.

Tanga: Mimi nilipanda tawi. Limeshika, linachanua, lakini limerefuka kama fimbo. Hicho kitako mnachosifia sikioni.

Voi: La tawi mara nyingi huwa hivyo, kitako kizuri utakipata kwa mbegu. Ganda lake hutoka mawili kama pembe. Lifunge uzi kabla halijapasuka, maana mbegu zina manyoya, upepo ukija hupati kitu.

Muscat: Kule Dhofar, kusini mwa Oman, lipo milimani, kwa hiyo nilidhani haliwezi kunisumbua. Nikaliweka kwenye chungu cheusi cha plastiki juu ya sakafu ya zege, Julai. Mizizi ikaungua. Sasa liko kwenye chungu cha udongo, nimekiinua juu ya matofali mawili, na limetulia.

Dodoma: Mkuu wa Voi, ninaye wa miaka mitatu, na jana tu alikuwa anachuma maua. Waridi nimeshalipandisha juu ya ukuta. Tanga, ganda likikomaa nitakuwekea mbegu.