Waratibu wa trip za bichi huku masomoni nje, mtakuja kuua watoto wa watu!

Wakuu habari zenu. Nina hasira na nimeamua kuandika hivi hivi nikiwa nazo, maana zikipoa nitaanza kuwaonea huruma watu wasiostahili.

Mnaosoma nje mnayajua haya mambo ya wikendi. Wiki nzima mtu uko na asaimenti, maabara, kibarua cha jioni, Ijumaa ikifika mmoja anatupia kwenye grupu "jamani twendeni bichi", wote mnashangilia, anajitokeza mtu anajiita mratibu, anakusanya hela, anakodi basi dogo, kuanzia hapo yeye ndo bosi wa kila kitu. Trip zenyewe sina ugomvi nazo, nazipenda mno, ukiwa mbali na kwenu unahitaji siku ya kucheka na watu wanaoelewa utani wako bila kuutafsiri. Ugomvi wangu ni na hawa waratibu wanaojua kukusanya hela na kupanga nyimbo za kwenye basi ila kuhusu bahari hawajui kitu na hawataki kuambiwa.

Sasa trip yetu ilikuwa hivi: tumefika, waokoaji wapo kazini na wameweka zile bendera zao mbili, nyekundu juu njano chini. Nchi nyingi maana yake ni hiyo hiyo, ogelea katikati ya bendera hizo mbili kwa sababu hapo ndo wanapopaangalia. Mbele yake kidogo wamesimika bendera nyekundu tupu, yaani usiingie majini, haihitaji digrii. Sasa mheshimiwa mratibu anaona pale pa waokoaji watu wamejaa, anasema twendeni kule mbele kumetulia, picha zitatoka safi. Nikamwambia kaka, kule kuna bendera nyekundu. Akanijibu mbele ya kadamnasi: "Dada punguza woga, usituharibie mudi." Watu wakacheka wakamfuata, na humo ndani kuna ambao hata kuelea hawajui na yeye anajua hawajui, maana kwenye basi walikuwa wanasema wenyewe!

Niwaeleze hapo "kumetulia" palikuwaje maana wengi mtapita mahali kama hapo. Kushoto mawimbi yanapasuka meupe, kulia yanapasuka meupe, katikati kuna ukanda wa maji yaliyokolea rangi hayana wimbi kabisa, ukikaza macho unaona povu na mchanga vinatoka ufukweni vinaelekea kilindini. Huo ndo mkondo unaobeba watu kwenda kilindini. Mawimbi yanasukuma maji mengi kuja nchi kavu, hayo maji lazima yarudi, yanatafuta penye uwazi kwenye fungu la mchanga lililoko chini yanajikusanya na kutoka kwa pamoja, ndo maana pale mawimbi hayapasuki na mgeni anaona pazuri. Mkondo mkali unaweza kupita mita 2 kwa sekunde, hiyo ni spidi ya muogeleaji anayeshinda mita 100 Olimpiki, sasa wewe uliyejifunzia bwawa la chuo muhula uliopita unashindana na kitu gani?

Dogo mmoja wa mwaka wa kwanza akaingia. Maji ya kiunoni, anacheka, anapungia kamera. Mara maji ya kifuani. Mara miguu haigusi chini, na hakuna wimbi lolote lililompiga, kateleza tu taratibu kama mtu aliyesimama kwenye ngazi za umeme. Akaanza kuogelea kuja ufukweni moja kwa moja, kwa nguvu zote, kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya kwa sababu hakuna aliyemwambia. Mkondo haukuvuti chini wakuu, unakupeleka nje, kinachoua ni kuchoka. Unatakiwa utulie, uelee, unyooshe mkono juu uite msaada, na kama nguvu unazo uogelee kwa ubavu sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye ule ukanda, hapo ndo unarudi kwa kufuata mawimbi. Na ukiwa nchi kavu usimrukie mwenzio mikono mitupu maana mtakufa wawili, mrushie chochote kinachoelea, hata dumu tupu lililofungwa kifuniko, halafu kimbilia waokoaji.

Mimi nilikimbia kuwaita. Nimegeuka nyuma naona nini? Watu wameshika simu wanarekodi!! Dogo kichwa kinazama kinaibuka, mdomo uko usawa wa maji, hapigi hata kelele kwa sababu mtu anayezama hana pumzi ya kupigia kelele, na wao wanasema "anaigiza huyo". Mtu wa watu mmoja aliyekuwa na ubao wa mawimbi ndo alimfikia kabla ya waokoaji akamlaza juu ya ubao. Hatujui hata jina lake, Mungu ambariki sana.

Sasa kilichonifanya nije hapa ni kilichofuata. Dogo katapika maji ya chumvi, anakohoa hakomi, midomo imebadilika rangi. Waokoaji wakasema wazi aende hospitali, kwa sababu mtu akishavuta maji kwenye mapafu na bado anakohoa anaweza kuonekana yuko sawa halafu hali ikabadilika saa chache baadaye. Mratibu anasema nini? Basi linaondoka saa 12 jioni, anayebaki ajitegemee na hela hairudi. Halafu akamvuta dogo pembeni akamtisha kwamba akienda hospitali chuo kitajua na viza itapata shida. UONGO MTUPU. Kuokolewa baharini sio kosa la jinai. Na wanafunzi wengi wa nje tunalazimishwa kukata bima ya afya kabla hata ya kupewa viza, sasa hiyo bima tunamtunzia nani?

Tulibaki naye mimi na dada mwingine. Alilazwa usiku mzima wakamwekea oksijeni. Basi liliondoka na mabegi yetu yamo ndani, na usiku ule ule kwenye grupu ikatupiwa video ya dogo anazama imewekewa muziki na vikatuni vya kucheka. Nilipolalamika nikajibiwa nisiwe na makasiriko, eti mbona hajafa.

Mbona hajafa! Mama yake anapiga simu anaongea na mwanae anajua yuko chumbani anasoma. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 watu kama 300,000 walikufa maji duniani, na vijana wamo kwa wingi sana. Kila mmoja wao alikuwa na watu wanaosubiri simu yake.

Vyuo navyo vinanikera. Wiki ya kukaribisha wageni tunaoneshwa namna ya kutenganisha taka, namna ya kutumia kadi ya maktaba, tunapewa na begi la kitambaa lenye nembo, sawa, ila mwanafunzi aliyetoka nchi isiyo na bahari hata dakika tano za kuelezwa bendera na mikondo hapewi. Wala namba ya dharura ya nchi aliyofikia. Niliuliza kwenye lile basi nani anaijua namba, kimya. Ulaya ni 112, Marekani 911, Australia 000, Uingereza 999 na ukiwa ufukweni unaomba Coastguard, yaani walinzi wa pwani. Iandikeni kwenye simu kabla hamjaandika pasiwedi ya waifai.

Na msije hapa kuniambia kila mtu ni mtu mzima ajilinde. Mtu akichukua hela za watu akawapeleka mahali, akawaambia ingieni hapa, huyo kabeba dhamana. Dogo alimwamini kwa sababu ni kaka mkubwa, yupo mwaka wa mwisho, lugha ya wenyeji anaijua, alama zote za pale ufukweni alikuwa na uwezo wa kuzisoma na hakuzisoma.

Sasa kaka, najua unapita humu na rafiki zako watakutumia linki. Nauli ya kurudi ya watu watatu ulioila irudishe. Hiyo trip nyingine unayoitangaza ya mwisho wa mwezi nimeshaandika kwenye grupu la wageni wapya yote yaliyotokea, majina ya watu sikuweka. Dogo mfuate umuombe radhi uso kwa uso, sio kwa ujumbe wenye emoji. Na video ifutwe leo, ikifika kesho iko hewani naipeleka ofisi ya wanafunzi wa kimataifa pamoja na zile voisi zako za kumtisha kuhusu viza, ninazo zote.