Ndoa za jinsia moja: kweli zinaweza kupitishwa Uganda?

bodaArua: Habari zenu. Jana steji tumebishana mpaka abiria wakaanza kulalamika. Jamaa anasema wazungu wakikaza pesa serikali italegea, siku moja tunaamka tunakuta ndoa za jinsia moja zimepita bungeni. Mimi nimesema haiwezi kuwa rahisi hivyo lakini sikuwa na ushahidi. Sheria inasemaje? Na nyinyi mnaonaje, mimi bado sijaamua

mzee_wa_Kisenyi: Mwambie katiba yenyewe inakataza, ibara ya 31, kile kifungu cha 2a kilichoingizwa 2005. Kubadilisha unahitaji theluthi mbili ya wabunge wote, na ile sheria ya 2023 ya kupinga mapenzi ya jinsia moja, wabunge walioipinga walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Hela nazo zilishajaribiwa, Agosti 2023 Benki ya Dunia ilisimamisha mikopo mipya na sheria ikabaki pale pale. Mimi naunga mkono katiba ibaki hivyo. Kwetu ndoa wanaoana ukoo na ukoo, wazee wanakaa, mahari inatoka, sasa hapo nani ataenda kwa nani?

nesi_mama_wawili: Mzee wangu shikamoo, kuhusu ndoa sikubishii, ila mimi niko kliniki na wale ninaowaona hata neno ndoa hawalitaji. Wanauliza wakija kuchukua ARV, dawa za HIV, tutawapeleka polisi ama hapana. Baada ya sheria kusainiwa Mei 2023 kuna waliopotea kabisa, dawa zikaisha nyumbani wakanyamaza, mtu anarudi amekonda mpaka unamsahau sura, na huyo ni mtoto wa mtu jamani. Tunabishana harusi ambayo hakuna aliyeiomba huku kifungo cha maisha kimeshaandikwa, na kwa makosa mengine kunyongwa. Hilo ndilo la kujadili steji

bodaArua: Banange. Kwani nyinyi hamlazimiki kuripoti?

nesi_mama_wawili: Ilikuwa hivyo. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliiacha sheria ila ikafuta vifungu vichache, kikiwemo cha kuripoti, na kile cha kumbana mwenye nyumba anayempangishia mtu wa hivyo nacho kikaenda. Wengi hawajui mpaka leo

mzee_wa_Kisenyi: Marahaba mwanangu. Dawa apewe, hapo tuko pamoja. Ndoa bado nakataa.

bodaArua: Hicho cha nyumba ndio nasikia leo. Pale ninapokaa kuna kijana alitolewa na godoro lake usiku, mwaka huu huu, mwenye nyumba akituambia ni sheria inamlazimisha