Bodaboda, paja limevimba, damu haionekani: tunaanza na nini?

Mhudumu_Tengeru
Habari za jioni wakuu. Naomba tuelekezane. Tuseme ni ajali ya bodaboda barabara ya Arusha–Moshi, majeruhi kijana wa kilo 70 hivi. Paja la kulia limevimba, mguu umefupika, nje hakuna damu. Presha 112/70, mapigo 124 kwa dakika, mikono ya baridi. Wapo wanaosema presha ikiwa hivyo hana tatizo kubwa. Damu iko wapi, na tufunge nini kwanza?

Nesi_Majeruhi
Mkuu, presha hiyo isikutulize. Mtu wa kilo 70 ana damu kama lita 5. Akipoteza lita moja, mishipa ya ngozi na ya mikono hujibana na moyo huongeza kasi, kwa hiyo presha inabaki palepale. Kwa kijana mwenye afya huanza kushuka akishapoteza karibu asilimia 30, yaani lita 1.5. Mapigo 124 na mikono ya baridi vinatosha kukwambia anavuja.

Anavujia ndani ya paja. Mfupa ukivunjika, misuli mikubwa ya paja hujikaza na kuzipandanisha ncha zake. Paja linafupika, linanenepa, na nafasi ya damu kujaa inaongezeka. Paja moja linaweza kumeza lita 1 hadi 1.5. Ndiyo maana tunavuta. Mmoja ashike kifundo cha mguu, avute taratibu kufuata mstari wa mguu, asiachie mpaka banzi la kuvuta (kifaa cha kuushikilia mguu ukiwa umenyooshwa) lishike. Nguvu iwe kama asilimia 10 ya uzito wake, isizidi kilo 7. Kabla na baada, papasa mapigo juu ya mgongo wa wayo na nyuma ya kifundo upande wa ndani. Yakipotea, legeza kidogo upapase tena.

Chunguza na kifua na tumbo pia, maana paja halimkingi mtu asivuje kwingine.

Dereva_Pasua
Naongeza kuhusu nyonga, na ndiyo inayotangulia. Banzi la kuvuta huegemea nyonga. Kama imevunjika unazidi kuiharibu. Goti au muundi wa mguu huohuo ukiwa umevunjika, usivute pia: funga mguu mbovu kwenye mzima, blanketi katikati.

Tafadhali msibonyeze nyonga kuona kama inacheza. Damu iliyoanza kuganda inaachia. Aina ya ajali pamoja na maumivu ya kinena au ya chini ya mgongo vinatosha, funga nyonga kwa mkanda. Kosa la kila siku ni kuuweka mkanda kiunoni kama wa suruali. Upite kwenye vinundu vya mfupa wa paja vinavyoshikika pembeni, chini ya kiuno. Toa kwanza simu na funguo mfukoni. Kama hamna mkanda, kunja shuka upana wa sentimita 25 hivi, ipitishe chini ya magoti, ipandishe, watu wawili wakaze. Kisha funga magoti na vifundo pamoja.

Mhudumu_Tengeru
Asanteni sana. Na dripu? Lita mbili haraka?

Nesi_Majeruhi
Hapana. Maji ya dripu hayabebi oksijeni, yanazimua vigandishi vya damu na kumpoza mgonjwa, na damu ya mtu aliyepoa haigandi vizuri. Huyu mwenye 112 hayahitaji bado. Namba ya juu ya presha ikishuka chini ya 80, mpe mililita 250, pima, usitafute zaidi ya 90. Akiwa ameumia kichwa hesabu inageuka: usiiache ishuke chini ya 110. Asidi ya traneksamiki (dawa ya kuzuia damu iliyoganda isiyeyuke) gramu 1, polepole kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu ajali, kama mwongozo wenu unaruhusu. Mfunike, Julai huko kwenu baridi si ya mchezo.

Toka Tengeru, hospitali ya Mount Meru ya Arusha ni karibu kuliko KCMC ya Moshi. Wapigieni mkiwa njiani waandae damu, na mkifika mkabidhi kwa maandishi saa ya ajali, saa mkanda ulipofungwa na mapigo ya kila dakika 5.